Nzi wenye mabawa ya madoa Mombasa: umtambue kwa picha, kwa mtego au kwa kufuga matunda?

Mtu akinionyesha picha ya nzi mdogo mwenye mabawa yenye mikanda na madoa, akaniuliza ni nzi gani, mimi humuuliza kwanza alimkuta juu ya nini. Jani la mwembe, tunda la mpera, ua la kishona nguo na kinyesi cha ng'ombe ni mahali panne tofauti, na kila mahali pana nzi wake. Ukijua alipokuwa, nusu ya kazi imekwisha. Usipojua, hata picha safi vipi inaweza kukupeleka kwenye jina la mdudu ambaye hajawahi kufika pwani yetu.

Ndiyo maana nalinganisha njia za kutambua pamoja na nzi wenyewe. Mpenda wadudu wa Mombasa, au mwenye miembe yake Kisauni, Likoni au Mtwapa, ana njia tatu zilizo ndani ya uwezo wake: kupiga picha na kuipeleka kwenye programu ya simu, kutundika mtego wenye chambo, au kuokota matunda na kuyafuga mpaka nzi watoke wenyewe. Msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa. Anayetaka jina la kutegemewa la nzi anayeharibu matunda yake afuge. Picha ni hatua ya kwanza nzuri, na kwa baadhi ya nzi inatosha kabisa. Mtego una kazi yake, ila watu huutegemea kwa jambo ambalo hauwezi kulisema.

Kwanza, ni nzi wa matunda kweli?

Tumezoea kumwita nzi yeyote mdogo anayezunguka embe lililoiva kupita kiasi kuwa ni nzi wa matunda. Wale wa jikoni wenye macho mekundu, wanaoelea juu ya ndizi zilizoanza kulainika, ni jamii ya Drosophila. Wengi wao mabawa yao ni angavu, hayana mchoro. Ndugu yao Zaprionus indianus utamtambua papo hapo kwa mistari ya rangi ya fedha inayoanzia kichwani na kupita juu ya mgongo. Hawa hufuata uchachu wa tunda lililokwisha kupasuka au kuoza. Kwa kawaida si wao waliolitoboa.

Nzi wa matunda ninaowazungumzia ni wa familia ya Tephritidae, yenye spishi zaidi ya 4,000 duniani. Jike wake ana mrija wa kutagia mwisho wa tumbo, na sehemu ya nje ya mrija huo ni ngumu, imechongoka, huonekana hata akiwa ametulia. Kwa mrija huo hutoboa ganda la tunda na kuweka mayai ndani. Wengi wana mabawa yaliyochorwa, na hupenda kuyapunga taratibu, moja baada ya jingine, wakitembea juu ya jani. Ukimwona nzi mdogo anatembea kwa kujishaua hivyo, mtilie maanani.

Lakini wako wengine wanaopunga mabawa ya madoa na si wa familia hii. Sepsidae ni wembamba, weusi, kiuno kimebana hata ukadhani ni sisimizi, na wengi wana doa moja jeusi kwenye ncha ya kila bawa. Watafute kwenye kinyesi cha mifugo. Hawana shughuli na embe lako. Platystomatidae ndio wanaowachanganya watu zaidi, kwa sababu mabawa yao yamechorwa vizuri sana. Mfano ni jenasi ya Rivellia, wenye mikanda myeusi inayokata bawa. Hao utawaona kwenye majani ya mikunde, kwani mabuu yao huishi ardhini yakila vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii hiyo. Mtu ameona mikanda kwenye mabawa, amepanda kunde chini ya mwembe, basi anadhani adui wa maembe ndiye huyo.

Kipimo kinachowatenga ni mshipa mmoja wa bawa. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, ile ndogo ya mkononi, utazame ukingo wa mbele. Kuna mshipa mwembamba unaokwenda sambamba na ukingo huo. Wataalamu huuita sabkosta. Kwa Tephritidae mshipa huo hufika mahali ukajikunja ghafla kuelekea ukingoni, karibu pembe mraba, kisha ukafifia. Kwa Platystomatidae, na kwa jirani zao Ulidiidae, hupinda pole pole na kufika ukingoni ukiwa mzima. Ukizoea kuuona huo mkunjo, utaacha kubahatisha. Naupenda kipimo hiki kwa sababu hakihitaji maabara wala intaneti, na hakibadiliki kwa rangi ya nzi wala umri wake.

Wale utakaokutana nao

Hapa kuna jambo ambalo kila mwenye mwembe Mombasa inafaa alijue: nzi anayeharibu maembe yetu kuliko wote siku hizi hana mabawa ya madoa. Bactrocera dorsalis ni mkubwa kiasi, yapata milimita 7 au 8, umbo lake lafanana na nyigu. Bawa lake ni angavu, lina utepe mwembamba mweusi ukingoni mwa mbele na mstari mwingine mfupi karibu na shina la bawa. Mgongo ni mweusi au kahawia, una mistari miwili ya manjano, mmoja kila upande. Kipande kidogo cha pembetatu mwisho wa mgongo ni cha manjano. Na juu ya tumbo kuna alama nyeusi ya umbo la herufi T. Asili yake ni Asia. Alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003, hapa hapa pwani. Mwaka 2005 alipewa jina la spishi mpya, Bactrocera invadens, na miaka kumi baadaye, 2015, wataalamu walikubaliana kwamba ndiye yule yule dorsalis aliyejulikana Asia zamani. Kwa hiyo ukikuta vijitabu vya kilimo vya miaka ile vinamtaja invadens, ni mdudu mmoja.

Mwenyeji aliyekuwa akitawala maembe kabla yake ni Ceratitis cosyra, na huyu ndiye mwenye mabawa ya kupendeza. Ni mdogo, milimita 4 hadi 6, mwili wa manjano. Mikanda ya bawa lake ni ya manjano iliyokolea, na karibu na shina la bawa kuna vijidoa na vistari vidogo vyeusi vilivyotawanyika. Vijidoa hivyo vya shinani ni alama ya jenasi nzima ya Ceratitis, kwa hiyo ukiviona tu umeshasogea mbele sana. Kumtenga cosyra na ndugu zake, tazama kile kipande cha pembetatu mwisho wa mgongo: kwake ni cha manjano chenye madoa matatu meusi yaliyotengana. Mbali na maembe, hupenda mapera na matunda ya mng'ongo. Utafiti uliofanywa Nguruman, Kaunti ya Kajiado, na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha jinsi dorsalis alivyomsukuma nje ya maembe, kwa kuwania chakula ndani ya tunda na kwa kumfukuza juu ya tunda. Mimi nikimpata cosyra hufurahi, kwa sababu huyu ni wa kwetu.

Ceratitis capitata naye ni mzaliwa wa Afrika, ingawa jina lake la kizungu limehusishwa na nchi za bahari ya Mediterania. Mgongo wake ni mweusi wa kung'aa uliochanganyika na rangi ya maziwa, na ile pembetatu ya mwisho ni nyeusi nusu ya nyuma, mpaka wake na ile sehemu ya njano ukiwa na mawimbi. Dume hana mfano: kutoka kwenye paji la uso zinatoka nywele mbili ndefu, na ncha ya kila moja imepanuka ikawa kibapa cheusi cha umbo la almasi. Ukimshika dume wa namna hii kwenye lenzi huna haja ya kuuliza mtu.

Kisha kuna Ceratitis rosa na kundi lake, na hapo shughuli huwa nzito. Dume wa rosa hana vile vibapa vya paji la uso. Badala yake muundi wa mguu wa kati una nywele nyeusi zilizopangika kwa wingi pande zote mbili, kama unyoya. Lakini majike wa kundi hili, yaani rosa, fasciventris na anonae, karibu hawatofautiani kwa macho. Mwaka 2016 rosa mwenyewe aligawanywa, sehemu ikapewa jina la Ceratitis quilicii. Ukiwa na jike tu, andika "kundi la rosa" uishie hapo. Jina lenye mpaka wa kweli ni bora kuliko jina kamili la kubuni.

Kwa wanaolima matango, matikiti, maboga na karela, mlinganisho ni mfupi. Zeugodacus cucurbitae ana mistari mitatu ya manjano mgongoni, mmoja ukiwa katikati, na bawa lake lina utepe wa ukingoni unaopanuka kuwa doa kwenye ncha, pamoja na kivuli juu ya mishipa ya kukata. Dacus ciliatus ni mdogo zaidi, rangi ya chungwa na kahawia, hana mistari ya manjano mgongoni. Jenasi ya Dacus nzima ina alama ya kuitegemea: mapande ya juu ya tumbo yameungana kuwa kipande kimoja kigumu, ilhali kwa Bactrocera na Zeugodacus yametengana.

Na wako wasiodhuru mtu. Dioxyna sororcula ni kadogo, milimita 3 hivi, na bawa lake lote limefumwa kwa wavu wa madoa ya kijivu. Mabuu yake hula ndani ya vichwa vya maua ya kishona nguo. Ukikaa dakika chache karibu na kichaka cha kishona nguo asubuhi, kandokando ya njia za Nguuni au hata kwenye kiwanja kitupu cha Bamburi, utamwona akipanda na kushuka juu ya ua akipunga. Huyo ndiye nzi wa kuanzia kwa mtu anayejifunza.

Picha

Faida ya picha haihitaji maelezo marefu: simu unayo tayari, nzi unamwacha hai, na iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008, inakupa dhana ya jina kwa sekunde chache, kisha watu wanaojua wanaweza kuja kuithibitisha au kuipinga. Kwa Dioxyna juu ya kishona nguo, kwa dume wa capitata, kwa cosyra aliyekaa sawasawa, picha inatosha. Na inaacha kumbukumbu yenye tarehe na mahali, ambayo pwani yetu inaihitaji sana, maana rekodi zetu za wadudu wadogo ni chache ukilinganisha na za ndege.

Udhaifu wake uko kwenye pembe ya kupiga. Picha nyingi ninazoletewa zimepigwa kutoka pembeni, mabawa yamepishana, mwanga wa mchana umeunguza mgongo ukawa mweupe. Kwa picha kama hiyo mtu mwaminifu atakuandikia jina la familia tu. Piga tatu: moja kutoka juu kabisa, bawa limetandazwa, moja ya mgongo, ile pembetatu ya mwisho ionekane, na moja ya uso na miguu kutoka ubavuni. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu husaidia kuliko kuvuta picha kwa vidole, kwa sababu kuvuta hukuza ukungu pamoja na nzi. Nenda mapema kabla ya jua kuwaka, nzi akiwa bado mzito. Kama ni lazima, mtie kwenye chupa ndogo, uweke kwenye friji dakika chache. Akitoka atatulia juu ya karatasi nyeupe kwa muda wa kutosha picha mbili tatu, kisha ataamka.

Jina la kwanza linalopendekezwa na programu usilikubali kwa haraka. Programu huelemea kile kilichopigwa picha sana duniani, na nzi wa Marekani na Ulaya wamepigwa picha mara nyingi kuliko wa Kwale. Ukiletewa jina, tazama ramani ya spishi hiyo kwanza.

Mtego

Mtego ni kopo lenye matundu, ndani yake chambo na kitu cha kuwaua wanaoingia. Chambo ndicho kinachoamua nani aje. Methili yujenoli, ambayo kiasili imo katika mimea kadhaa ikiwemo baadhi ya jamii za mrehani, huvuta madume wa Bactrocera dorsalis kutoka mbali. Kyuluwa huvuta madume wa Zeugodacus cucurbitae na wengi wa Dacus. Trimedluwa ni ya madume wa capitata na kundi la rosa. Asetati ya tepinili ni ya cosyra. Mtego wa chakula, yaani chachu au protini iliyoyeyushwa majini, huvuta madume na majike, ila huleta pia nzi wa kila aina, na mtu atachambua bakuli la uji wa wadudu.

Kwa mwenye shamba mtego ni kitu cha thamani. Humwambia lini idadi imeanza kupanda, na akitundika mingi ya madume kwa mpango, pamoja na kuokota na kuzika matunda yaliyoanguka, hupunguza hasara. Hilo silipingi hata kidogo. Hoja yangu ni kwa anayetaka kujua nani yuko ndani ya tunda. Mtego wenye methili yujenoli ukijaa dorsalis haimaanishi kwamba dorsalis pekee ndiye aliyepo. Maana yake ni kwamba umemwalika yeye peke yake. Cosyra anaweza kuwa kwenye tawi lile lile na usimwone. Pia dume aliyenaswa hakuambii alikulia kwenye tunda gani, embe, pera au kungu la jirani. Na waliokaa mtegoni siku nyingi katika joto na unyevu wa Mombasa huoza, mabawa yakang'oka, mchoro ukapotea. Ukichagua mtego kwa ajili ya kutambua, uufungue kila siku mbili tatu, wala usiache wiki.

Kufuga

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Unaokota matunda, unayaweka juu ya mchanga, unangoja, na tunda lenyewe linakuonyesha nani alikuwa ndani yake. Utafiti mkubwa wa matunda ya porini ya Kenya, ule ulioonyesha capitata huishi kwenye matunda gani ya asili, ulifanywa hivi hivi: watu walipita misituni, ikiwemo ya pwani, wakakusanya matunda na kusubiri kinachotoka.

Chukua ndoo ya plastiki au besheni lenye kimo. Weka mchanga wa ujenzi uliochekechwa, kina cha vidole viwili au vitatu. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache. Huo wa ujenzi ukaange kwanza kwenye sufuria kavu uue sisimizi na wadudu wengine, uupoze, kisha uunyunyizie maji kidogo tu. Juu yake tandika wavu wa waya au vijiti, matunda yakae juu yasilowane na maji yanayotoka yakioza. Funika kwa leso kuukuu uifunge kwa mpira. Chandarua usitumie, matundu yake yanawapitisha Drosophila ndani na nje. Miguu ya meza uitie kwenye makopo ya maji, la sivyo chungu watakusafishia ndoo usiku mmoja. Majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mwembe, hula mabuu kwa bidii, na ndiyo maana mwembe wenye majimoto mara nyingi huwa na maembe safi zaidi. Lakini ndani ya ndoo yako huwataki.

Baada ya siku chache tazama ndani wakati wa asubuhi. Buu la Tephritidae lililokomaa ni jeupe la maziwa, lenye ncha upande wa mdomo na butu upande wa nyuma. Litoe uliweke kwenye sahani. Litajikunja, mdomo ukashika mkia, litulie kidogo, halafu lijifyatue, liruke mara kadhaa ya urefu wake. Linatafuta udongo. Mabuu ya Drosophila hayafanyi hivyo. Likifikia mchanga hujichimbia na kugeuka pupa, kahawia, laini pande zote. Pupa wa Drosophila utamjua kwa vijipembe viwili mbele, na mara nyingi hajifukii, hujibandika kwenye tunda au ukuta wa ndoo. Kwa hiyo kabla hata nzi hajatoka, umeshajua kama una mtoboaji au mfuata uozo. Programu ya simu haikupi jambo hilo.

Kwa joto letu, kutoka siku ya kuokota mpaka nzi kuanza kutoka ni kama wiki mbili hadi nne, ikitegemea umri wa mabuu. Na hapa ndipo wengi huharibu kazi kwa haraka. Nzi akitoka kwenye pupa ni mweupe-mweupe, mabawa yamekunjana, hana rangi. Ukimpiga picha au kumuua saa hiyo, mikanda ya bawa na madoa ya mgongo havitaonekana, na cosyra atafanana na kitu kisicho na jina. Mpe sukari kavu na pamba iliyolowa maji kwa siku tatu au nne. Rangi itakolea, mistari itatulia, ndipo umtazame. Utakuwa na madume na majike wa tunda moja pamoja, na dume mwenye alama za wazi ndiye atakayekusaidia kumtaja jike asiye na alama. Hata hivyo kuwa mwangalifu, kwani tunda moja laweza kutoa spishi mbili.

Wakati mwingine haitoki nzi, inatoka nyigu mdogo mwenye mabawa manne na mrija mrefu nyuma. Usimtupe. Huyo amekulia ndani ya nzi. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970, kilileta nchini nyigu wawili wa namna hiyo, Fopius arisanus anayetaga ndani ya yai la nzi, na Diachasmimorpha longicaudata anayetafuta mabuu, kwa ajili ya kupambana na dorsalis. Ukimpata kwenye matunda ya bustani yako, ni habari ambayo mtaalamu ataipokea kwa mikono miwili.

Matunda uyatoe wapi? Uyaokote mwenyewe chini ya mti unaoujua. Watu hukimbilia sokoni kwa sababu mabovu yako tele, na pale Kongowea utapewa bure. Lakini uliza kwanza.

"Maembe haya ya wapi, mama?"

"Hayo ngowe ya Malindi, mwanangu. Hayo mengine yameshuka na lori usiku, sijui limetokea wapi. Wataka mangapi?"

Jibu la mama ni la kweli, na ndilo linaloyaondoa maembe yale kwenye kazi yako. Ukimpata nzi humo huwezi kuandika "Mombasa" kwenye lebo yake. Ukitaka kumwona tu nzi, chukua. Ukitaka rekodi, nenda kwenye mti. Maembe ya pwani huwa mengi kuanzia Novemba hadi Machi. Msimu ukipita, jaribu mapera, na usiyadharau makungu yanayoanguka barabarani chini ya mikungu ya Nyali na Mama Ngina. Watu huyapita tu, nayo ni makazi yanayojulikana ya dorsalis wakati maembe hayapo. Aina moja ya tunda kwa ndoo moja, na mti mmoja ikiwezekana. Ukiokota katika hifadhi kama Shimba Hills, pata kwanza kibali cha KWS, shirika la wanyamapori. Kwenye mashamba na bustani za watu, omba ruhusa ya mwenyewe.

Uchague ipi

Kama hamu yako ni kujua viumbe vilivyokuzunguka na huna nafasi ya ndoo wala subira ya wiki tatu, chagua picha, uanze na nzi wa maua ya kishona nguo, na usione haya kuishia kwenye jina la jenasi. Kama una miembe ya kuuza, tundika mtego ili ujue idadi, lakini walau mara moja kwa msimu fuga ndoo moja ya matunda yaliyoanguka, ili ujue mtego wako unamwita adui sahihi. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na biashara ilifunguka tena mwaka 2021. Mnunuzi wa nje hakuulizi una nzi wangapi kwenye mtego, anapasua embe. Kama wewe ni mwalimu wa sayansi, usifikirie mara mbili: fuga. Watoto wakiona buu linaruka kwenye sahani hawataki kurudi darasani.

Mwenye matango na karela namshauri kufuga moja kwa moja, kwa sababu cucurbitae na wengi wa Dacus huja kwenye kyuluwa pamoja, na kilicho muhimu kwake ni nani aliye ndani ya tango.

Na ukifika mwisho wa lenzi yako, nzi bado hana jina, mhifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70 kama unataka umbo lake tu, au ya asilimia 95 na zaidi kama kuna uwezekano wa kupimwa DNA. Ndani ya chupa, siyo nje, tia kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka: tarehe ya kuokota, mtaa na mti, aina ya tunda, tarehe aliyotoka, na jina lako. Makumbusho ya Taifa Nairobi na icipe kule Kasarani wana watu wa kuwasoma nzi hawa, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, wako Mtwapa kwa upande wa mkulima, na ukishuku kuwa ni mdudu mgeni aliyeingia kwa meli au mizigo, KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, wana ofisi hapa hapa Mombasa. Waliobaki kwenye ndoo wagandishe kwenye friza usiku kucha kabla ya kumwaga mchanga, na masalia ya matunda uyafunge kwenye mfuko mweusi, uuache juani mpaka yaive kwa joto, kisha uyafukie.